Kukagua pakeji kabla ya kuinstoli: nani yuko sahihi?

Kuna ubishi hauishi kwa madevelopa. Wengine wanasema usiinstoli pakeji yoyote (kodi iliyoandikwa na wengine, unayoishusha mtandaoni) kabla hujaikagua, wengine wanasema hayo ni maneno ya watu wenye muda, projekti moja tu ya React inashusha mamia ya pakeji, nani atakaa asome makodi yote hayo na mteja anataka kazi kesho asubuhi. Mi naona wote wana hoja, ila wanabishana bila kuangalia hatari yenyewe inaingilia wapi.

Ukipiga npm install, amri ya kushusha pakeji kutoka npm (ghala la pakeji za JavaScript), pakeji ikiwa na skripti ya postinstall, yaani ya kurun ikishainstoliwa, kwa kawaida inarun palepale. Hujaiita popote kwenye programu yako, yenyewe ishafanya kazi, na inarun kwa ruhusa zako wewe, maana yake faili la siri la .env lenye funguo za Daraja (API ya M-Pesa), tokeni za GitHub, funguo za SSH za kuingilia seva, vyote inavifikia. Yule mdudu Shai-Hulud wa Septemba 2025, programu chafu inayojisambaza yenyewe, ndo alipita hapo, anatafuta tokeni kwenye mashine, akikuta ya npm anajichomeka kwenye pakeji zingine za mtu huyohuyo na kuzichapisha upya, afu wanaozishusha nao wanaambukizwa.

Sa wengi kukagua kwao ni kupiga npm audit, wakiona sifuri wanaendelea na maisha. Audit inalinganisha matoleo uliyonayo na orodha ya matundu ambayo tayari yameripotiwa, basi. Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji wa pakeji za chalk na debug alitumiwa imeili ya kitapeli kutoka npmjs.help, ikaonekana kama ya npm wenyewe, akaibiwa akaunti na pakeji 18 zikachafuliwa, pakeji ambazo kwa pamoja zinashushwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Zilikaa hewani kama masaa mawili. Aliyeinstoli kabla ripoti haijatoka, audit isingemwambia chochote. Na upande mwingine audit hiyohiyo inapiga kelele nyekundu kwa tundu lililo kwenye kifaa cha kubildi ambacho mtumiaji wa nje hakifikii kabisa, kwa hiyo wanaosema imewachosha siwezi kuwalaumu.

Haya, tusome makodi basi? Hapa wanaokataa wana nguvu. Mwaka 2018 mtu alijitolea kusaidia pakeji ya event-stream, akapewa, akaongeza pakeji nyingine inaitwa flatmap-stream yenye sumu ya kuiba bitcoin kwenye Copay, waleti ya bitcoin, na sumu ilikuwa kwenye kifurushi cha npm, sio kwenye GitHub, yaani ungeenda GitHub ukasoma mstari kwa mstari ungetoka umeridhika. Xz ya 2024, programu ya kubana mafaili kwenye Linux, ndo balaa zaidi, mtu alichangia kwa zaidi ya miaka 2 mpaka akaaminiwa, akaficha mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia seva kupitia SSH, kwenye mafaili ya majaribio ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Developa mmoja wa kawaida angeligundua hilo saa ngapi?

Kwa hiyo mi nipo upande wa kukagua, ila sio kwa kusoma kila kitu. Zima skripti kwanza, npm install --ignore-scripts, au tumia pnpm, mbadala wa npm, ambayo kuanzia toleo la 10 inazizuia yenyewe mpaka uruhusu. Kama kuna pakeji inagoma bila skripti utaiona na utairuhusu hiyo moja tu. Afu piga npm view na jina la pakeji na neno time mwishoni, utaona kila toleo limetoka lini. Likiwa la jana usiku, subiri. Pnpm ina setingi ya minimumReleaseAge inahesabu kwa dakika, ukiweka 4320 hakishuki kitu ambacho hakijafikisha siku 3, na zile chalk chafu zisingekugusa kabisa. Hiyo haichukui hata dakika 5, kwa hiyo sababu ya kukosa muda hapa siikubali.

Lakini kusubiri nako kunaumiza, na watu wa usalama wengi hawalisemi hili vya kutosha. Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, walidukuliwa 2017 kupitia tundu la Apache Struts (programu ya kujengea tovuti) ambalo dawa yake ilikuwa imetoka Machi, wadukuzi wakaingia Mei, data za watu kama milioni 147 zikaondoka. Hao hawakuponzwa na apdeti mbaya, waliponzwa na kutoapdeti. Kwa hiyo siku 3 ni za apdeti za kawaida, fichaz mpya na vitu kama hivyo. Ikitoka ya kuziba tundu linaloigusa seva yako, soma tangazo la tundu lenyewe, thibitisha toleo ndo lililotajwa, weka siku hiyohiyo.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo sijaweza kuizima. Ile ya xz iligunduliwa na Andres Freund, injinia wa Microsoft, kwenye Debian sid, tawi la Linux ya Debian ambalo bado halijatulia, aliona kulogini kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde akaanza kuchimba. Yeye hakuwa amesubiri. Zile za npm mara nyingi zinadakwa na skana za makampuni ya usalama bila mtu kuziinstoli, ila kwa mlango wa aina ya xz alihitajika mtu wa kuwahi kuiweka, tena mwenye jicho kali.