Umri wa Gari na Moshi Wake Ni Mambo Mawili

Kuanzia mwisho wa Agosti 2023, na kwa miezi minne mfululizo, kila nilipopangiwa zamu moja ya usiku nilijua kwamba pauni 25 zimekwenda kabla sijavaa sare. Ninaishi Dagenham, mashariki ya London, na ninafanya kazi katika wodi ya wazee. Tarehe 29 ya mwezi huo, eneo la tozo ya magari yenye moshi mchafu, ambalo hapa hujulikana kwa kifupi cha ULEZ, lilipanuliwa kutoka katikati ya jiji hadi kuifunika mitaa yake yote. Tozo ni pauni 12.50 kwa siku, na siku huhesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata. Anayetoka nyumbani saa moja jioni na kurudi saa mbili asubuhi amesafiri, kwa hesabu ya kamera, siku mbili. Sheria iliandikwa na watu wanaolala usiku.

Gari langu halikuwa bovu. Lilikuwa la dizeli, la mwaka 2011, na nililinunua kwa sababu Serikali yenyewe ilinishawishi. Tangu Machi 2001, kodi ya mwaka ya magari mapya nchini Uingereza ilianza kukokotolewa kwa gramu za hewa ya ukaa ambazo gari hutoa kwa kila kilomita, na kwa kuwa dizeli hutoa hewa hiyo kidogo kuliko petroli, watu wengi walihamia huko. Gari langu lilikuwa likilipiwa pauni 20 tu kwa mwaka mzima. Yapo magari ya petroli yenye injini kubwa, yaliyosajiliwa kati ya Machi 2006 na Machi 2017, ambayo katika mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025 yalilipiwa pauni 760. Nilijiona mjanja. Kisha likaja suala la oksidi za naitrojeni, ambazo dizeli huzitoa kwa wingi na ambazo huumiza vifua vya watu, na gari lilelile lililosifiwa na mkusanyaji mmoja wa kodi likawa mkosaji mbele ya mkusanyaji mwingine.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba jirani yangu alikuwa na gari kuukuu kuliko langu, la petroli la mwaka 2006, lililopauka rangi na lenye mlango wa nyuma usiofunguka, naye hakutozwa hata senti. Kwa petroli, magari mengi yaliyosajiliwa baada ya mwaka 2005 hukidhi kiwango kinachotakiwa. Kwa dizeli, ni yale ya kuanzia Septemba 2015. Nilinung'unika sana wakati ule. Leo, hasira zikiwa zimepoa, nakiri kwamba kamera ile haikuwa ikiuliza gari limezaliwa lini bali linatoa nini kwenye ekzosi. Ninaweza kulalamika kwamba tozo ni ileile kwa anayeendesha kilomita mbili na anayeendesha kilomita mia, na kwamba iliwaangukia zaidi walinzi, wauguzi na wapishi wanaoingia kazini wakati treni zimelala, na bado ninalalamika. Ila swali lenyewe lilikuwa la haki. Mwishowe nililipeleka gari kukatwa chuma chakavu, nikapokea pauni 2,000 za fidia zilizotolewa kwa wakazi wa London, na sasa ninapanda basi la usiku. Miezi michache baadaye mpango huohuo ukaruhusu magari yapelekwe Ukraine badala ya kukatwa. Moshi usiofaa Dagenham ulionekana unafaa kwingine.

Sisi Waafrika Mashariki tunalijua jambo hilo kuliko mtu yeyote.

Mdogo wangu anaishi Mbagala na anaendesha Toyota IST ya mwaka 2005, iliyoshushwa Dar es Salaam mwaka 2019. Nilimchangia fedha za kuitoa bandarini, kwa hiyo karatasi za kodi nilizipitia mwenyewe, mstari kwa mstari. Kwa wasiowahi kuzipitia, tuchukue kwa mfano gari la zaidi ya miaka kumi, lenye injini ya cc 1,300 au 1,500, ambalo thamani yake hadi bandarini imekadiriwa kuwa shilingi 5,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani shilingi 1,250,000. Juu ya jumla ya thamani na ushuru huo huwekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ajili ya ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uchakavu, ambazo kwa pamoja ni shilingi 2,187,500. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya yote hayo, ni shilingi 1,518,750. Bado hujagusa tozo ya reli, ada ya usajili wala gharama za wakala, na tayari umelipa karibu sawasawa na thamani ya gari lenyewe. Ukiutenga uchakavu peke yake, pamoja na ongezeko la thamani linaloukalia, unapata shilingi 2,212,500. Hiyo ndiyo adhabu ya mwaka wa kutengenezwa.

Mtu atauliza kwa nini basi asinunue gari jipya zaidi. Gari lenye umri usiofika miaka minane halitozwi uchakavu, hilo ni kweli, na lile la kati ya miaka minane na kumi hutozwa asilimia 15. Lakini bei yake kule linakotoka iko juu kiasi kwamba, hata ukiondolewa uchakavu, hesabu inakushinda. Wakenya wamekwenda mbali zaidi kwa kuzuia kabisa magari ya zaidi ya miaka minane, na matokeo yake ni kwamba mtu wa kipato kama cha mdogo wangu akiwa Nairobi anasubiri gari lililokwisha kutumiwa na mwenzake.

IST ile ilitoka Japani, na iliondoka Japani kwa sababu ya kodi. Huko, gari la petroli likitimiza miaka 13 kodi yake ya mwaka hupandishwa kwa takriban asilimia 15, na kila miaka miwili hupitia ukaguzi wa gharama kubwa unaoitwa shaken. Mjapani hupiga hesabu, huona nafuu kuliuza, na gari huingia melini. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa zaidi, asilimia 40. Kwa hiyo magari kama hili la mdogo wangu husukumwa nje ya nchi moja kwa kodi ya uzee, kisha huingia katika nchi nyingine kwa kodi ya uzee. Baada ya hapo hakuna anayeyauliza chochote tena. Hapo ndipo kwetu panaponisumbua.

Nilipokwenda nyumbani likizo, niliinama nyuma ya IST ile asubuhi ikiwa imewashwa, nikasikia harufu ya petroli mbichi iliyonichoma macho. Nilimuuliza mdogo wangu, akacheka. Fundi alishayatoa masega ya ekzosi na kuyauza. Alimwambia kwamba gari litakuwa jepesi, na fedha wakagawana. Masega ndiyo yanayosafisha moshi. Kwa maneno mengine, gari lililotozwa zaidi ya shilingi milioni mbili kwa kudhaniwa kuwa chafu liliingia nchini likiwa safi kiasi, likachafuliwa gereji baada ya kodi kulipwa, na hakuna kodi wala mtu aliyeliona hilo. Stika ya ukaguzi kwenye kioo chake ilibandikwa bila boneti kufunguliwa.

Uingereza, gari likitimiza miaka mitatu, kila mwaka hupelekwa kupimwa, na gereji hairuhusiwi kutoza zaidi ya pauni 54.85 kwa gari dogo. Mpimaji huingiza kifaa ndani ya ekzosi na kupima kina cha mistari ya tairi, kisichopaswa kupungua milimita 1.6. Gari likishindwa, unapewa karatasi yenye orodha ya kasoro, na hiyo haibembelezwi. Mara mbili nilirudi na karatasi hiyo, mara moja kwa sababu ya bushi na mara nyingine breki. Nililipa kwa shingo upande, lakini nililipia hali ya gari na wala si tarehe ya kuzaliwa kwake.

Kuhusu kodi ya kila mwaka, nadhani nyumbani tulipatia, ingawa nusu nusu. Juni 2017 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alitangaza kufutwa kwa ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Anayetumia lita 60 kwa mwezi alilipa hivyo shilingi 28,800 kwa mwaka, na anayetembea kidogo alilipa kidogo, jambo ambalo tozo ya London haijui. Mwaka 2023 zikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita. Tatizo ni kwamba zile shilingi 40 ziliwekwa pia kwenye mafuta ya taa, ili watu wasiyachanganye na dizeli, na hivyo bibi mwenye koroboi akawa analipia leseni ya gari asiloweza hata kulipanda. Kenya nayo, katika muswada wa fedha wa mwaka 2024, ilitaka kila gari lilipiwe asilimia 2.5 ya thamani yake kwa mwaka. Kipengele hicho kiliondolewa mwezi Juni, na siku chache baadaye muswada wote ukarudishwa kutokana na maandamano.

Ningekuwa na sauti, ningeomba asilimia zile 30 zipunguzwe na sehemu ya fedha zinazobaki zinunue vifaa vya kupimia moshi, Mbagala, Tanga, Mwanza, popote gari linapolala. Mdogo wangu tulikubaliana abaki na IST yake, nami nitume fedha za masega mengine. Alikwenda Gerezani, Kariakoo, akazunguka maduka kama saba. Wote walimuuliza ameleta mangapi. Alipoeleza kwamba anataka kununua na siyo kuuza, mmoja alimtazama, akamwita mwenzake aje asikie.