Sufuri ya Mwaka 2018 na Kazi ya Kuhesabu Samaki Mlangoni mwa Mto

Kijana anayetaka kuishi kwa utafiti wa nyanjani kwenye milango ya mito, pale maji baridi yanapokutana na maji ya chumvi, siku hizi hupewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomhimiza aingie, kwa kuwa uvuvi hauwezi kusimamiwa bila mtu wa kuhesabu samaki. Wapo pia, na sauti yao inazidi kusikika bajeti zinapopangwa, wanaomwambia kwamba kukokota wavu kituo kilekile mwezi baada ya mwezi ni mazoea tu, wala si utafiti, na kwamba kazi hiyo itachukuliwa na vipimo vya vinasaba ambavyo samaki huviacha majini, vinavyosomwa katika chupa ya maji.

Hoja za kundi la pili zina uzito. Wavu huua sehemu ya samaki wanaohesabiwa, jambo la kusikitisha pale aina yenyewe inapokuwa hatarini. Boti, mafuta na mabaharia ni gharama, mikataba ya wasaidizi mara nyingi ni ya msimu, na mtu anaweza kujaza majedwali miaka mingi huku makala yakiandikwa na wengine.

Hata hivyo, yaliyotokea California yanaonyesha kile ambacho hesabu hizo za bajeti hazikioni. Mwaka 1967 idara ya jimbo inayosimamia samaki ilianza kukokota wavu kila vuli, Septemba hadi Desemba, katika mlango wa mito ya Sacramento na San Joaquin, ili kupima wingi wa makinda ya striped bass, samaki anayependwa na wavuvi wa ndoana. Wafanyakazi hawakuishia kwa samaki huyo. Waliandika pia delta smelt, samaki mwembamba wa sentimita 5 hadi 7, mwenye harufu ya tango bichi, ambaye hakuwa lengo la safari zile. Mwaka 1970 fahirisi ya wingi wake, yaani kipimo kinachokokotolewa kutokana na samaki waliovuliwa vituoni, ilizidi 1,600. Mwaka 1993 aliingizwa katika orodha ya viumbe wanaolindwa kisheria. Vuli ya mwaka 2018, vituo vyote vilipokwisha kupitiwa, fahirisi yake ilikuwa sufuri, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze.

Sufuri hiyo inastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu sufuri ni rahisi sana kuipata. Wavu uliochanika huileta, na mfanyakazi mgeni anaweza kuiharibu bila kujua. Katika maji hayohayo yupo wakasagi, jamaa wa karibu wa delta smelt aliyeletwa kutoka Japani, na kwa macho ya haraka hutawatofautisha. Mzoefu humgeuza samaki, akatazama chini ya taya: wakasagi huwa na vidoadoa vingi vyeusi, delta smelt huwa na kimoja au hana kabisa. Jambo hilo hufanyika kwenye boti inayoyumba, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, samaki akipimwa kwa milimita na mwenzake akiandika. Kinachoifanya sufuri ya 2018 iaminike ni kwamba nyuma yake ipo nusu karne ya watu waliovuta wavu wa namna ileile, katika miezi ileile, wakafundishana kuangalia taya. Mfululizo huo una mapengo pia: mwaka 1974 na mwaka 1979 kazi haikufanyika, na hakuna fedha leo inayoweza kurudi kuwahesabu samaki wa miaka hiyo.

Sufuri haikumaanisha kwamba samaki ameisha kabisa. Programu nyingine, iliyoanza mwishoni mwa 2016 kwa vituo vinavyochaguliwa kwa nasibu, iliendelea kuwapata wachache. Hilo linawapa nguvu wakosoaji wa njia ya zamani, nami nakubali kwamba wavu mmoja hautoshi. Lakini programu hiyo mpya isingeweza kusema samaki ameporomoka kutoka wapi. Na katika mvutano wa maji ya mito hiyo, ambapo kumlinda samaki kunaweza kupunguza maji yanayovutwa, upande mmoja yumo samaki, na upande mwingine yamo mashamba na maji yanayopelekwa kwa watu zaidi ya milioni 20, mkulima anayepunguziwa maji ana haki ya kuonyeshwa hesabu inayoanza kabla ya ugomvi wenyewe.

Chupa ya maji nayo ina nafasi yake, hasa kwa aina adimu. Ila mlangoni mwa mto maji hujaa na kupwa, na chembe za samaki husafiri nayo. Chupa haisemi samaki alikuwa na urefu gani, wala kama alikuwa na mayai. Mimi ningeiweka kwenye boti ileile, ichotwe maji pale wavu unapotupwa, kwa miaka kadhaa, hadi ijulikane kipimo kimoja kinasema nini mwenzake kinaposema sufuri. Kwa muda wote huo wale wanaojua kuangalia taya wapewe mikataba ya miaka badala ya miezi, pamoja na ngazi ya kupanda cheo isiyowalazimu kuiacha boti na kwenda ofisini.