Bima ilipie kipimo, lakini bei anapanga nani?

Bima hujulikana ni bima pale kwenye dirisha la maabara. Mama ana fomu ya daktari yenye vipimo vinne. Mhudumu anaangalia kompyuta, anazungushia kalamu viwili vya mwisho: "Hivi utalipia keshi." Hana. Anarudi kwa daktari na nusu ya majibu. Ukishayaona hayo, hutauliza tena kwa nini watu wanataka bima zilazimishwe kulipia vipimo.

Marekani walilazimisha. Machi 2020 sheria iliamuru bima zilipie kipimo cha Uviko-19, mgonjwa asitoe hata senti. Mwenye kikohozi akapima bila kuwaza bili. Ila sheria nyingine ya mwezi huohuo ikasema: kama bima na maabara hawana mkataba, bima ilipe bei ambayo maabara yenyewe imetangaza kwenye tovuti yake. Yaani muuzaji anajipangia, mnunuzi haruhusiwi kugoma! Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilikuwa ikilipa dola 100 kwa PCR, kipimo cha maabara cha Uviko-19. Zikapatikana maabara zilizotoza mara kadhaa ya hapo. Mgonjwa hakuiona bili hiyo, lakini fedha za bima ni michango yake na ya mwajiri wake.

Tanzania kamba ikavutwa upande mwingine. Machi 2024 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilianza kutumia kitita kipya, yaani orodha ya huduma inazolipia, na bei zake. Hospitali binafsi kadhaa zikalalamika kwamba bei hizo hazirudishi gharama, zikasitisha kuwahudumia wanachama. Kadi hai, michango imekatwa kwenye mshahara, na mtu anaambiwa aende kwingine.

Wapo wanaosema bima ikilipia kila kipimo, madaktari wataandika bila breki. Si uongo, ingia na homa na kadi uone, utapimwa malaria, taifodi, mkojo na choo kwa mkupuo. Hilo halinitishi sana. Kipimo cha malaria cha ziada ni hela ndogo ukilinganisha na saratani ya shingo ya kizazi iliyogundulika imeshasambaa.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na wengi wanauliza vipimo gani vimo. Mimi ningeanza na ukurasa wa bei: nani walikaa mezani zilipopangwa, na zitapitiwa tena lini. Orodha ya vipimo ningeisoma baadaye.