Sifuri ya Vanderbilt mwaka 2020 ilitoka kwenye ratiba

Wanaouzungumzia msimu wa 2020 wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, huishia kwenye namba moja: mechi tisa, vichapo tisa. Hoja yao inaeleweka. Korona haikuchagua timu, vyuo vyote vilipima wachezaji na kuwaweka karantini, lakini katika SEC nzima, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, ni Vanderbilt peke yake iliyotoka kapa. Ilifunga pointi 133 na kufungwa 336. Tena udhaifu wake ulianza kabla ya virusi: mwaka 2019 ilipigwa 34-10 nyumbani na UNLV, timu ya ligi ndogo.

Yote hayo ni kweli. Timu ilikuwa dhaifu. Ninachokikataa ni kuifanya sifuri ile kuwa kipimo cha udhaifu huo, maana timu dhaifu ziko nyingi kila mwaka na ni nadra kumaliza msimu bila ushindi hata mmoja.

Tuanze na ratiba. Wakati ule, katika mwaka wa kawaida timu ya SEC ilicheza mechi 12, nane za ligi na nne za nje, na hizo za nje ndiko timu za chini hupata riziki yake. Vanderbilt ilishinda mara tano mwaka 2017. Nne kati ya hizo zilikuwa nje ya ligi. Mwaka 2019 ilishinda tatu, mbili zikiwa za nje. Janga lilipoingia, SEC ilifuta mechi zote za nje na kupanga kumi za ligi tupu. Kwa timu kubwa kama Alabama hilo lilikuwa badiliko dogo. Vanderbilt ilifungiwa mlango pekee iliokuwa ikiutegemea.

Sasa tazama mwaka 2014: ndani ya SEC Vanderbilt ilipoteza mechi zote nane, lakini msimu ukaandikwa ushindi mara tatu. Mwaka 2021 ilipoteza tena zote nane za ligi, ikazifunga Colorado State na Connecticut, na msimu ukaandikwa ushindi mara mbili. Ndani ya ligi, misimu yote mitatu ni mamoja: hakuna ushindi. Lakini ni ule wa 2020 tu ulioingia katika kumbukumbu kama fedheha ya kihistoria. Kwa kweli ule wa 2020 ulikuwa na dalili njema kadhaa. Ulifunguliwa kwa kipigo cha 17-12 ugenini kwa Texas A&M, timu iliyomaliza mwaka ikiwa ya nne kitaifa, na kwotabeki (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) wa Vanderbilt siku hiyo alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza chuoni, Ken Seals. Mississippi State iliponea kwa 24-17, Kentucky kwa 38-35.

Kisha kuna virusi vyenyewe. SEC iliweka kiwango: timu yenye wachezaji wanaosomeshwa kwa ufadhili wa michezo wasiofika 53, au iliyopungukiwa na watu wa safu ya mbele, iliweza kuomba mechi isogezwe. Mechi ya Missouri ya Oktoba iliahirishwa kwa sababu hiyo, na ile ya Georgia ya Desemba ikafutwa kabisa. Wapo waliosema Vanderbilt iliikimbia Georgia. Hilo linanikera. Hawa walikuwa wanafunzi, ambao hadi Julai 2021 walikatazwa hata kujipatia pesa kwa majina yao wenyewe, nao walikuwa wakicheza katikati ya janga ili mikataba ya televisheni isivunjike. Kuingiza safu pungufu mbele ya Georgia ni kuhatarisha shingo na magoti ya watu.

Upungufu huohuo ndio uliomleta Sarah Fuller, kipa wa timu ya soka ya wanawake, ambaye siku chache kabla alikuwa ametwaa ubingwa wa SEC na wenzake. Wachezaji wa Vanderbilt wenye kazi ya kupiga mpira kwa mguu walikuwa karantini. Novemba 28, dhidi ya Missouri, alianzisha kipindi cha pili kwa mpira mfupi wa chini, akawa mwanamke wa kwanza kucheza katika ligi kubwa tano za vyuo. Wengine waliuita mpira ule kiini macho, ingawa ulipigwa hivyo kwa maelekezo ya benchi. Wiki mbili baadaye, dhidi ya Tennessee, alipiga mikwaju miwili na yote ikazaa pointi.

Mechi ya Missouri iliisha 41-0, na kesho yake kibarua cha kocha Derek Mason kikaota nyasi. Hapo wakosoaji wana hoja nzito kuliko wanayoitumia. Katika miaka saba Mason alishinda mechi 10 za SEC na kupoteza 46. Kwa rekodi hiyo chuo kilikuwa na haki ya kutafuta mtu mwingine, na ningemtetea kwa shida. Ila mrithi wake, Clark Lea, naye hakushinda mechi ya ligi mwaka wake wa kwanza, akaachwa aendelee kujenga, na Oktoba 2024 akaifunga Alabama 40-35 ikiwa namba moja nchini. Kama Mason alistahili kuondoka, aliondoka kwa zile 46. Wachezaji wa 2020 wasibebeshwe mzigo wa ratiba ambayo hawakuipanga.