Tairi Lako Lina Miaka Mingapi?

Muulize dereva matairi yake yakoje. Atatupia jicho lile lililo karibu naye, ataona meno bado yapo, kisha atakujibu: "Bado yanadai." Jibu hilo linanikera. Linapima kitu kimoja tu, tena kwa kukisia.

Tuanze na hayo meno. Tairi jipya la gari dogo huja na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, zimeweka ukomo wa milimita 1.6. Huhitaji kifaa kuujua. Chuchumaa, ingiza kidole kwenye mfereji mkubwa na uufuate taratibu; utagusa kituta kidogo cha mpira kilichokatisha chini kabisa. Vipo kadhaa kuzunguka tairi, na mara nyingi ubavuni huwekwa herufi TWI au pembetatu ndogo kuonyesha vilipo. Meno yakisagika hadi yakalingana na kituta hicho, tairi limekwisha. Hapo hakuna mjadala.

Mjadala upo kabla ya kufika hapo. Watengenezaji wa matairi Continental wanashauri tairi la kawaida libadilishwe meno yakibaki milimita 3. Michelin, watengenezaji wenzao, wanapinga: wanasema tairi zuri litumike hadi 1.6, kulitoa mapema ni kupoteza mali. Piga hesabu mwenyewe. Kati ya 8 na 1.6 kuna milimita 6.4 za kutumia, na ukilitoa kwenye 3 unatupa 1.4, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano. Si kidogo, na Michelin wana hoja.

Lakini mifereji haikuwekwa kwa ajili ya lami kavu. Pakiwa pakavu, magari ya mashindano hukimbia na matairi yasiyo na mfereji hata mmoja, na yanashika kuliko ya kwako na ya kwangu. Kazi ya mfereji ni kuyapa maji pa kupita. Ukiwa na kina kidogo, maji hujikusanya mbele ya tairi, tairi linayapanda, na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Ukikanyaga breki wakati huo unajisumbua bure, kwani mpira haugusi barabara. Ndiyo maana dereva anaweza kukaa msimu mzima wa jua akiamini matairi yake ni mazima, mpaka siku mvua inyeshe. Kwa anayekwenda kasi kwenye mvua, mimi nipo upande wa milimita 3. Anayezunguka mwendo mdogo pakavu, afike 1.6 kwa amani yake.

Linalosahaulika zaidi ni umri. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT, usome tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, angalia ubavu wa ndani, kwa sababu mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000, na sijui linafanya nini kwenye gari lako. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa: hewa, joto na jua vinaukausha, unakuwa mgumu, unaanza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Michelin hao hao wanaotetea 1.6 wanataka tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na litolewe likitimiza kumi tangu litengenezwe, hata kama meno yamejaa. Uingereza tangu Februari 2021 imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka kumi kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Na katika ajali iliyomuua mwigizaji Paul Walker mwaka 2013, wachunguzi walisema chanzo ni mwendo kasi, ila walitaja pia kwamba matairi ya gari lile yalikuwa na miaka tisa. Spea tairi nalo linahesabiwa umri, hata kama halijawahi kugusa lami.

Dalili nyingine husomeka haraka. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likilika upande mmoja, kapige alaimenti, yaani magurudumu yanyooshwe, kabla hujafunga jipya, la sivyo nalo litaliwa vilevile. Likiwa na uvimbe ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika. Hilo ondoa leo. Na tairi la gari dogo lililokwisha, kisha likachongwa mifereji upya ili livutie macho, sina neno la heshima kwa anayeliuza.

Nikinunua mawili tu, nayafunga nyuma, hata gari liwe linavutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wengi hubisha, wanataka mapya yakae mbele kwenye usukani na injini. Sababu yangu ni hii: mbele ikiteleza, gari hugoma kukata kona lakini unahisi mapema na ukipunguza mwendo hurudi, nyuma ikiteleza, gari hugeuka mzimamzima, na si madereva wengi wanaoweza kulirudisha. Watengenezaji wa matairi wenyewe wanashauri hivyo hivyo. Mwambie fundi kabla hajafungua nati ya kwanza, maana akishamaliza hatakubali kuyahamisha bila manung'uniko.