WiFi ya matatu: mteja alikuwa nani?

Neno "bure" humtia Mkenya wasiwasi. BRCK, kampuni ya Nairobi, ilipoanza kuweka WiFi ndani ya matatu na kuwaambia abiria waunganishe simu bila kulipa hata shilingi, swali la kwanza lilikuwa lile lile: gharama anabeba nani? Wengi walihofia kwamba anayeuzwa ni abiria. Hofu hiyo ina msingi. Ila kwa maoni yangu tatizo kubwa lilikuwa jingine: abiria hakuwa na thamani ya kutosha kuibeba biashara yenyewe.

BRCK ilianza mwaka 2013, mikononi mwa watu wa Ushahidi, jukwaa lililozaliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kifaa chao cha kwanza kilikuwa mfano wa tofali, ndiyo maana ya jina, chenye betri ya saa nane na uwezo wa kuhama chenyewe kutoka mtandao wa waya hadi wa simu stima ikipotea. Mwaka 2017 wakatoa SupaBRCK, ruta iliyo pia seva ndogo yenye hifadhi yake, na huduma ya bure ya Moja ikajengwa juu yake.

Hiyo hifadhi ndiyo akili ya mpango wote. Gari linalotembea ni mahali pagumu pa kuleta intaneti: abiria 14 au 33 wanagombania laini moja ya simu huku gari likiruka kutoka mnara hadi mnara. Basi nyimbo, vipindi na vitabu viliwekwa ndani ya kifaa chenyewe, na anayetazama hagusi mtandao kabisa. Ni kama mwenye duka anayepanga unga rafuni alfajiri badala ya kumtuma mtoto sokoni kila mteja anapobisha. Aliyetaka kutoka nje, kwenye intaneti yenyewe, alilipa kwa muda wake: atazame tangazo, ajibu maswali ya utafiti, apakue programu fulani.

Kwa mwanafunzi asiye na bando, aliyekwama saa nzima kwenye jam, hilo si jambo dogo. Wenye magari nao walikuwa na sababu zao. Nganya, matatu zile zilizopambwa, hugombea abiria kwa michoro, muziki na skrini, na WiFi ni pambo jingine la kuita watu. Safaricom ilikuwa imeshajaribu wazo hilo hilo kwa jina la Vuma Online.

Sasa piga hesabu. Anayenunua tangazo anatafuta mtu mwenye pesa ya kutumia, na abiria anayekubali kujibu maswali kumi ili apate intaneti ya dakika chache amekwisha kukuonyesha hali ya mfuko wake. Isitoshe, intaneti ya gari linalotembea hupita kwenye mitandao ya simu, yaani kwa kampuni zile zile zinazomuuzia abiria huyo huyo bando. Unanunua kwa jirani ambaye pia ni mshindani wako. Bando za saa moja ziliposhuka bei, rafu yenye nyimbo zilizochaguliwa na mtu mwingine haikuweza kushindana na WhatsApp. Mwaka 2019 BRCK ilinunua Surf, mtandao wa vituo vya WiFi visivyotembea, na mwaka 2022 Erik Hersman, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ameingia Gridless, biashara ya kuchimba bitcoin, sarafu ya kidijitali, kwa umeme wa mitambo midogo. Sisemi kuhama huko ni hukumu juu ya Moja, lakini kunanipa la kuwaza.

Kule Porto, Ureno, kampuni ya Veniam ilifuata njia tofauti. Ilianzishwa 2012, ikaunganisha magari zaidi ya 600, mabasi na malori ya taka yakiwemo, kila gari likipokezana data na jenzake hadi ifike penye waya. Mji wenyewe na shirika lake la mabasi walikuwa na sababu ya kuutaka mtandao huo. Nairobi utaongea na nani? Gari lina mwenyewe, mwenyewe yuko kwenye sacco, chama cha wenye matatu, na sacco zenyewe hazihesabiki. Hata hivyo Veniam nayo ilinunuliwa mwaka 2022 na Nexar, kampuni ya kamera za magari. Kilichokuwa na soko ni habari zinazotoka kwenye gari.

Na hapo ndipo mteja wa kweli anapoonekana, naye ni mwenye gari. Yuko tayari kulipia kifaa kinachomwambia gari lake liko wapi, limepiga trip ngapi, limekimbia kiasi gani. Siwezi kumlaumu. Vidhibiti mwendo vya enzi ya Michuki, waziri wa uchukuzi aliyevilazimisha mwaka 2004, vilichezewa na mafundi, ilhali kifaa kilichounganishwa kikizimwa, kunyamaza kwake peke yake ni taarifa. Tanzania, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hufuatilia mabasi ya mikoani kwa VTS, mfumo wa kufuatilia magari, kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini dereva na makanga wanaishi kwa kile kinachobaki baada ya target, yaani pesa ambazo tajiri, mwenye gari, anataka apelekewe kila siku. Kifaa kinachohesabu kila trip kinampa tajiri sababu ya kupandisha target, na target ikipanda, mguu unazidi kukanyaga mafuta. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake. Dereva asiye na hata barua ya kazi, ambaye gari anaweza kunyang'anywa jioni hiyo hiyo, ataidai haki hiyo kwa nani? Siku skrini ya ofisini itakapoonyesha mwendo wa gari pamoja na target aliyopangiwa dereva asubuhi ile, nitaanza kuamini kwamba kifaa kimewekwa kwa ajili ya usalama.