Eti Mimi Ndiye Nimkataze Mkwe Kiko!

Jamani, yupo aliyewahi kumkataza baba mkwe jambo akabaki na ndoa? Mama Rehema kanikazania: "Mwambie baba, moshi unamkohoza mtoto." Baba ni wake, ulimi uwe wangu! Mzee alisema anakuja wiki moja. Mwezi wa tatu huu yuko kwenye kochi langu, kiko mdomoni, na mapazia yananuka kama bani la kukaushia tumbaku la Urambo.

Kumvaa mkwe usoni siwezi. Nikaona nimpitishie kwenye historia.

"Baba, hii tumbaku asili yake Amerika. Novemba 1492 Columbus aliwatuma watu wawili ndani ya Cuba, wakawakuta wenyeji wanavuta majani yaliyosokotwa. Mmoja wao, Rodrigo de Jerez, akarudi nayo Hispania. Inasimuliwa kwamba watu walipoona moshi unamtoka puani walijua kaingiwa na shetani. Akafungwa."

Mzee akatoa moshi kwa matundu yote mawili, taratibu. "Majirani wabaya hao."

Nikamleta Sultani Murad wa Nne: mwaka 1633, Istanbul, ukikutwa unavuta ni kifo.

"Watu wakaacha?"

Hawakuacha. Sasa sultani mwenye majeshi kashindwa, itakuwa mimi mwenye deni la luku?

Nikahamia kwa Mfalme James wa Uingereza. Mwaka 1604 aliandika kijitabu kizima cha kuutukana moshi, kwamba unachukiza pua na ni hatari kwa mapafu. Kisha akapandisha ushuru kutoka peni 2 kwa ratili hadi shilingi 6 na peni 10.

"Hizo hela zilikwenda kwa nani?"

"Kwa mfalme, baba."

"Kumbe anatukana huku anakula!" Akacheka mpaka akapaliwa.

Aliyenimaliza ni Jean Nicot, balozi wa Ufaransa kule Lisbon. Miaka ya 1560 alimpelekea Malkia Catherine de' Medici tumbaku iwe dawa ya kichwa. Mzee kusikia malkia, kanituma dukani nikamnunulie na ugoro. Kwa hela yangu.

Nikabaki na Virginia, koloni la Waingereza kule Amerika, ambako mlowezi John Rolfe alianza kilimo cha tumbaku mwaka 1612 hivi. Nikamweleza jinsi Waafrika kutoka Angola walivyofikishwa huko 1619, na jinsi mashamba ya tumbaku yalivyowameza wengi waliofuata utumwani. Hapo mzee akakitoa kiko mdomoni, akanyamaza. Nikapata tumaini, nikakazana: kule tumbaku ilikuwa ndiyo hela. Hata wasichana waliopelekwa kutoka Uingereza mwaka 1621 ili waolewe, mwanamume alitakiwa kuilipa kampuni ya koloni ratili 150 za tumbaku bora kwa kila mke.

Kiko kikarudi mdomoni.

"Ratili 150 ni kilo ngapi?"

"Kama 68, baba."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mama Rehema kasimama mlangoni ananikodolea macho, na mahari yake yenyewe nimebakiza ng'ombe wawili.